Vifungo vya Mgongoni

Fundi alikuwa anashona kola. Chini ya meza yake ya kazi, binti yake alikuwa anacheza na vifungo.

"Baba, hiki ni mama. Hiki ni mtoto wake. Hiki kimekataa kula. Baba, unasikia?"

"Nasikia, mama."

Mtaani walimwita mtoto huyo Cherehani. Akianza kusema, uzi haukatiki. Lakini akitokea mgeni, anakuwa kimya kama maji ya mtungini.

Mama yake alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea. Tangu hapo Fundi akawa baba, akawa mama pia. Alimlisha, alimvisha, alimfunga viatu. Akiona miguu ya binti inapishana, alijua ni mkojo, akambeba mbio. Mtoto hakuhitaji kusema neno.

Sasa alikuwa karibu kuanza chekechea. Kuhesabu alijua. Herufi alizijua zote. Fundi akamshonea gauni la sare la kifahari, lililoungana na kaptula ndani, vifungo vidogo vya kung'aa vikishuka mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Utawafunika wote!" akasema.

Ikafika siku ya watoto wapya kuzoea shule. Fundi alimpeleka, akamwona anatazama picha ukutani, naye akachomoka kimyakimya. Aliporudi kumchukua, alimkuta kajikunyata pembeni. Gauni limelowa. Macho mekundu.

"Walinicheka," Cherehani alisema walipofika nyumbani. "Siendi tena." Akaingia chini ya meza. Vifungo vyake hakuvigusa.

Mara jirani yao akaja kuchukua sketi yake. Alikuwa amelea watoto wa chekechea miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila mtu alimwita Bibi Mlezi.

"Hodi hapa! Mbona leo cherehani zote mbili zimezima?"

Fundi akamweleza, kisha akalipuka. "Wakubwa hawa wa shule! Kudai sare wanajua. Urefu wa sketi wanaupima kwa rula. Nani alituita sisi wazazi akatuambia mtoto anaandaliwaje? Hakuna! Anayeaibika ni mwanangu!"

"Hapo husemi uongo. Walipaswa kuwaita," Bibi Mlezi akajibu. "Lakini wakubwa hawatakuja kumfungulia mtoto wako vifungo. Hebu nione hiyo sare."

Akaigeuza. Akacheka. "Fundi, hii ni ya chekechea au ya bibi harusi? Haya, chukua koti hilo ukutani. Livae nyuma mbele, ufunge vifungo."

Fundi akavaa. Akapeleka mkono nyuma, haukufika. Akapeleka mwingine. Akaanza kuzunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

"Haraka, Fundi, mkojo unakuja!" Bibi akahimiza. "Unakuja... unakuja... basi, umeshalowa!"

Kicheko kikatoka chini ya meza. "Baba amejikojolea!"

Fundi akaketi, jasho linamtoka. "Kumbe nimemfunga mwanangu mwenyewe."

"Umempenda kupita kiasi," Bibi akasema. "Herufi mwalimu atamfundisha. Wewe mfundishe kujihudumia. Avae na avue mwenyewe, ajisafishe chooni, anawe mikono kwa sabuni. Na aombe kwa mdomo wake. Mwalimu hajui kusoma miguu ya mtoto wako. Halafu niambie, uliagana naye?"

"Nilitoroka, asije akalia."

"Ndiyo maana aliogopa. Muage. Mwambie utarudi lini, kwa maneno anayoyaelewa. Akilia atanyamaza. Ukimtoroka, kila siku atakuvizia."

"Na akilowa tena?"

"Mweke nguo ya akiba mkobani. Hagombezwi, hachekwi. Anabadilishwa, maisha yanaendelea."

Fundi akalifumua gauni. Akalifanya blauzi yenye vifungo vikubwa mbele, na sketi yenye mpira kiunoni.

Kila asubuhi wakacheza shule. Cherehani alikuwa mwalimu, rula mkononi. Fundi alikaa sakafuni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kwenda chooni."

"Nenda! Na unawe mikono, nitakunusa!"

Kisha wakabadilishana. Bibi Mlezi akawa mwalimu mgeni. Mara ya kwanza sauti ya Cherehani haikutoka. Baadaye ukatoka mnong'ono. Mwishowe ilisikika hadi kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara, naye akajibu, "Ruhusa, mwanafunzi!"

Aliyepata taabu zaidi ni Fundi. Kumtazama binti akihangaika na kifungo kimoja, ulimi nje, kulimwasha vidole.

"Mikono chini, Fundi!" Bibi alimkemea. Basi akaikalia.

Siku ya kuanza shule ikafika. Mlangoni Fundi alichuchumaa. "Mkishakula na kucheza, nitakuja kukuchukua. Kwaheri, mama."

Chozi likamdondoka Cherehani. Mwalimu akamshika mkono, wakaingia. Fundi akaondoka, na siku hiyo alishona mkono wa shati mahali pa mfuko.

Aliporudi, binti alimkimbilia. Sketi kavu.

"Baba, nimenyoosha mkono! Nimesema! Nimevua mwenyewe, nimenawa! Na kuna mwenzangu vifungo vyake viko mgongoni. Alikuwa anapishanisha miguu. Nimemwitia mwalimu, mbio!"

"Mwambie mama yake aje. Tutavihamishia mbele."

Mama huyo alikuja. Wengine nao wakaja, na kila mmoja Fundi alimvisha lile koti nyuma mbele kwanza. Wakubwa, mpaka leo, hawajaja.

Lakini siku ile ya kwanza, walipofika nyumbani, Fundi aliinama kumfungua binti viatu, kwa mazoea. Cherehani akarudisha mguu nyuma, akamkazia macho.

"Mikono chini, Fundi!"

Fundi akaikalia mikono yake, huku anacheka.