Siku ya Mkaguzi

Posta kuu ya Bujumbura ilijaa watu asubuhi hiyo, na Sylvère alikuwa amelamba stempu mpaka ulimi umekauka. Msichana wa gauni la kijani aliyesimama nyuma yake kwenye foleni aliangalia rundo la bahasha akacheka.

"Wapenzi wote hawa, kaka, utawaweza?"

"Ni wanafunzi, dada. Nawafundisha kushika hesabu za duka. Barabara ni mbaya, basi shule inawafuata kwa posta."

"Na uko na ruhusa ya serikali?"

Hakuwa nayo. Msichana huyo, Adélaïde, alifanya kazi wizara ya elimu, katika ofisi ileile iliyotoa ruhusa kwa shule za namna hiyo.

"Sasa nikushitaki ao nikusaidie?"

"Nisaidie kwanza. Utanishitaki tukisha kuoana."

Basi akamweleza masharti. Shule iwe na chumba chenye mlango wa kufunga, mabenchi, na kibao nje. Mkaguzi aje aone kwa macho yake, na mkurugenzi, yaani Sylvère mwenyewe, awepo. Sylvère alicheka sana juu ya mabenchi, kwa kuwa hakuna mwanafunzi ambaye angeyakalia, lakini aliazima mawili kanisani akayapanga nyumbani kwake, mtaa wa Kinama. Kibao alikichora mwenyewe kwa rangi ya buluu.

Wakapendana. Sylvère alikuwa akimpigia simu ofisini kutoka dukani kwa rafiki yake Yahaya, mtaa wa Bwiza, naye Adélaïde, aliyeshika faili la shule, alipokea kwa sauti ya kazi: "Allo, mushe direkta, dosie yako inakusalimia." Mzee Télesphore, baba yake Adélaïde, alikuwa amesema wazi kwamba hatapokea mahari ya mtu ambaye kazi yake haijulikani na serikali. Kwa hiyo walingoja ruhusa.

Lakini hakuna mkaguzi aliyetaka kukanyaga Kinama. Vita vilikuwa vimeingia mtaani huko, risasi zilisikika karibu kila siku, majirani wakahama, na Sylvère akaanza kulala dukani kwa Yahaya. Alitaka shule nayo ihamie Bwiza. Adélaïde akamkataza, kwa kuwa anwani ikibadilika faili linaanza upya. Kisha Sylvère akasikia kwamba kila jioni Adélaïde anarudishwa nyumbani na gari la wizara, ameketi mbele pamoja na bwana mmoja aitwaye Landry. Akaacha kupiga simu.

Adélaïde alimkuta palepale posta, na bahasha zake.

"Unaniuzi kwa kunyamaza, Sylvère. Landry ndiye mkaguzi. Kila siku namubembeleza njiani aende Kinama. Leo amekubali. Kesho asubuhi tunakuja."

Sylvère aliweka bahasha chini. Akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Nisamehe, sheri. Wakitoka kukagua, mi natuma wazee kwa baba yako."

"Ulale kwa Yahaya, uende asubuhi."

"Apana. Asubuhi wanajeshi wanafunga barabara, inapita gari ya serikali tu. Nikikosekana, dosie inakufa."

Akaondoka mchana huohuo, huku Adélaïde akimtania apige pasi shati. Sylvère akainua mkono bila kugeuka.

Asubuhi gari la wizara lilifika kwenye kizuizi cha kwanza tu. Milio ya bunduki ilikuwa imeanza alfajiri. Wanajeshi wakawarudisha. Adélaïde alishuka akataka kupita kwa miguu, nao wakamrudisha garini.

Watu waliporuhusiwa kurudi Kinama kuchukua vitu vyao, alikwenda. Mlango haukuwepo, mabenchi hayakuwepo. Kibao kilikuwepo. Mama mmoja jirani alimwambia kwamba asubuhi ile, watu wote wakikimbia, alimwona Sylvère amevaa shati jeupe, anafuta kibao vumbi. Alimwita wakimbie pamoja. Alijibu kwamba anangoja wageni. Mahali alipozikwa, mama huyo hakupajua.

Bahasha za majibu ya wanafunzi ziliendelea kufika posta, moja moja, kutoka kwa watu ambao hawakuwa na habari. Adélaïde alizichukua, akasahihisha hesabu kadiri alivyoweza, akazirudisha. Halafu nazo zikakoma.

Mwisho wa mwaka ofisi ilifunga mafaili yaliyolala. Landry alimpa lile la Sylvère bila kumtazama usoni, akamwambia aandike sababu ya kawaida: mkurugenzi hakuwepo siku ya ukaguzi.

Adélaïde alifungua faili. Kisha akaandika:

"Mkurugenzi alikuwepo. Sisi ndio hatukufika."