Usikate Simu

Simu ilikuwa ya watu wawili, lakini Wingu lilihesabu watatu.

Mama Kidoti alivua hedifoni, akazipangusa kwa upindo wa blauzi, akazivaa tena. Kazi yake katika kituo kile cha simu za gari la wagonjwa haikuwa kupokea simu. Wapokeaji walikaa chumba cha mbele. Yeye alikaa chumba cha nyuma, peke yake, akisikiliza simu zilizokwisha kurekodiwa na kuzipa alama. Mpokeaji alisalimu? Aliuliza mgonjwa yuko wapi? Alitumia lugha ya adabu? Ilikuwa kazi ya mtu mpole, naye alikuwa mpole hata wenzake wakasahau mara nyingine kumhesabu kwenye chai.

Rekodi hazikukaa ofisini. Zilikwenda zenyewe kwenye huduma ya mbali ambayo wote waliiita Wingu, na siku hizo Wingu lilikuwa likiongezewa mambo mapya kila baada ya wiki chache. Zamani lilionyesha mstari mmoja tu wa sauti. Sasa lilimtenga kila msemaji kwa rangi yake, mpokeaji kijani, mpigaji buluu, na maneno ya kila mmoja yakajiandika chini ya mstari wake.

Katika simu hii kulikuwa na mstari wa tatu. Ulikuwa wa kahawia, mwembamba kama uzi, na chini yake paliandikwa: na na na na.

"Chiriku," aliita kwa sauti ya chini. Chiriku ndiye aliyepokea simu hiyo. Waliompa jina hilo hawakumwonea, maana mdomo wake haukujua likizo. "Kulikuwa na mtu mwingine karibu yako?"

"Shemeji, karibu yangu kulikuwa na feni na njaa." Chiriku aliingia kutazama skrini, akacheka. "Na na na na! Ah, Wingu limeanza kuimba. Kesho litatuomba ngoma."

Mama Kidoti alitabasamu, lakini pua yake haikutabasamu. Chumba kilinuka maranda ya mbao mbichi, kama karakana ya seremala. Viti vyote mle vilikuwa vya plastiki na meza za bati.

Kufikia mchana alikuta uzi ule katika simu sita. Kesho yake ulikuwa katika kila simu ya Chiriku, na kadiri uzi wa kahawia ulivyonenepa, ndivyo mstari wa kijani ulivyokonda. Siku ya tatu maneno chini yake yalibadilika.

Na na nasubiri.

Sauti hiyo aliijua. Alikuwa ameikalia moyoni kwa siku ishirini na tisa, kama mtu anayekalia kaa la moto na kuwaambia wageni kwamba kiti ni kizuri.

Siku ile ya kwanza, kabla ya hizo ishirini na tisa, mwanamke alipiga simu kutoka nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Alikuwa mjamzito, peke yake, na damu ilikuwa inamtoka. Alikuwa na kigugumizi, na hofu ilikizidisha. Chiriku alimwambia maneno ambayo kila mpokeaji huyasema hata usingizini: "Tafadhali subiri, usikate simu." Kisha akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, akamgeukia msimamizi wao, Bwana Kanuni, akaanza kumwigiza yule mama.

Bwana Kanuni alicheka mpaka akashika meza. "Mwache kwanza," alisema. "Akimaliza kutaja mtaa atakuwa ameshajifungua."

Hadithi ikazaa hadithi. Zikapita dakika kumi na moja. Chiriku aliporudi kwenye laini alisikia msumeno tu, kwa mbali, ukipasua mbao.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba ukinyamazisha simu, na rekodi inanyamaza. Wote walijua hivyo. Lakini asubuhi ileile Wingu lilikuwa limeleta jambo lake jipya la kwanza: kurekodi pande zote mbili hata simu ikiwa imenyamazishwa. Taarifa ilifika kwenye kila skrini, maandishi marefu kama mkeka, na chini kabisa neno moja: Nakubali. Kila mtu alibonyeza Nakubali bila kusoma, na wa kwanza alikuwa Bwana Kanuni, aliyepewa jina hilo kwa kubandika kanuni hata kwenye mlango wa choo.

Aliyegundua ni Mama Kidoti. Alisikiliza dakika zote kumi na moja: vicheko upande mmoja, na upande wa pili mtu anayejitahidi kulitoa neno. Alikwenda kwa Bwana Kanuni, akamweleza.

"Futa," alisema Bwana Kanuni.

"Lakini bosi, yule mama..."

"Yule mama amekwisha kufa. Wewe una mtoto anayekula. Futa."

Akafuta. Wiki iliyofuata alikuja mama mzazi wa marehemu, kiatu kimoja kimekatika kamba, akiomba asikie sauti ya mwanawe mara ya mwisho. Bwana Kanuni alimwambia hakuna simu kama hiyo. Mama Kidoti alisimama palepale, akatazama sakafu.

Sasa, siku ya ishirini na tisa, kutoka chumba cha mbele alisikia mpigaji akilia kwenye spika, "Halo? Halo? Jamani, mbona kimya?" Alitoka mbio. Chiriku alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mdomo unakwenda, mishipa ya shingo imetuna, na hakuna kilichotoka, si mkwaruzo, si pumzi. Alivuta karatasi akaandika, kalamu ikatoboa: *Mimi najisikia. Ninyi hamnisikii?*

"Mafua hayo," alisema Bwana Kanuni, ingawa alirudi nyuma hatua mbili. "Nenda kanywe maji ya moto." Na ile harufu ya maranda ikampita Mama Kidoti begani, polepole, kama mtu anayetafuta kiti.

Alasiri alirudi nyumbani. Binti yake Kidoti, wa miaka mitatu, alikuwa uani akicheza na vifuniko vya sufuria chini ya macho ya shangazi, yule bibi aliyemlea Mama Kidoti mwenyewe na ambaye enzi zake alitibu watu waliopagawa.

"Kidoti!" aliita. Mtoto hakugeuka. "Kidoti, mwanangu!"

"Mbona unanong'ona?" shangazi aliuliza.

Hakuwa ananong'ona. Alikuwa amepiga ukelele.

Mtoto alipomwona alimkimbilia kwa furaha. Mama alimpakata, akamwimbia wimbo wao wa kila siku, na mtoto akautazama mdomo wake ukifunguka na kufungika. Akatia vidole viwili katikati ya meno ya mama yake, akachungulia ndani, kama anayetafuta ushanga ulioangukia kwenye mtungi. Kisha akalaza sikio kifuani.

"Bibi," alisema, "kuna mama mwingine anaongea humu."

Mama Kidoti alilia bila sauti. Halafu akamsimulia shangazi yote, mdomo ukigusa sikio la bibi huyo, kwa sababu sauti iliyombakia haikuweza kuvuka kiganja.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Mlimwambia asikate?"

"Ndiyo."

"Na lini mlimwambia akate?"

Mama Kidoti alitikisa kichwa.

"Basi hajakata," alisema shangazi. "Anasubiri mpaka leo, maskini, kwa adabu zake. Na maneno yake mmeyatupa mawinguni. Mwanangu, huko juu si shamba la bure, kuna wenyewe. Roho iliyonyimwa neno lake la mwisho ikikaa nao sana, inakuwa mmoja wao. Huyo si marehemu tena, huyo ni jini, na hasira anayo."

"Shangazi, mfukuze. Choma chochote."

"Moshi wangu hauwezi njia hiyo ndefu. Lililofungwa kwa neno hufunguliwa kwa neno. Mrudishie mama yake ile sauti. Halafu mwenye kosa akiri, ndipo amwambie akate."

Mama Kidoti alishika kichwa. Wingu halikufuta kitu siku hiyohiyo. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya: kilichofutwa hukaa kwenye kapu siku thelathini, kisha hupotea moja kwa moja. Siku ya thelathini ilikuwa kesho, saa sita mchana. Rekodi ikipotea, hakutakuwa na laini ya kumfungulia marehemu, na Kidoti atakua akiitazama midomo ya mama yake kama samaki nyuma ya kioo.

Kesho yake alifika ofisini hana sauti hata ya kusalimia. Aliketi, akafungua kapu. Rekodi ilikuwepo. Akabonyeza Rudisha. Katika daftari la wageni alipata namba ya yule mama mwenye kiatu kilichokatika, akamtumia rekodi yote, dakika zote kumi na moja. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika nne.

"Unafanya nini?"

Bwana Kanuni alisimama mlangoni. Aliiona skrini, akajua.

"Umetuma? Wewe? Bubu kama wewe?" Alikuja mbio, akamsukuma kiti. "Nitakufukuza! Sogea, nifute hiki kitu kabisa!"

Hapo harufu ya maranda ikajaa chumba hadi macho yakawasha, na simu za chumba cha mbele zikalia zote pamoja, na wapokeaji walipozinyanyua hawakusikia mgonjwa yeyote bali msumeno, ule msumeno wa mbali, ukija karibu, ukipita kwenye nyaya, ukipita kwenye kuta, ukitetemesha vikombe juu ya meza, na ndani ya msumeno sauti ya mwanamke ikipanda kutoka kila hedifoni iliyokuwa mezani na kila iliyokuwa masikioni, ikijikwaa, ikisimama, ikianza tena, na na na nasubiri, na na nasubiri, mpaka wengine wakazitupa hedifoni chini na bado zikaendelea kusema pale sakafuni, na uzi wa kahawia kwenye skrini ukanenepa ukawa kamba, kamba ikawa ukuta, ukafunika kijani, ukafunika buluu, ukafunika kila kitu.

Mama Kidoti alivuta maikrofoni. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajikaza, akasukuma kutoka tumboni kama mwanamke anayezaa.

"Mi... mi... mimi," alisema, na mara hii ilisikika. "Mimi ndiye niliyekufuta. Nilisikia ukiomba, nikakufuta. Nisamehe, dada. Asante kwa kusubiri. Sasa unaweza kukata simu."

Msumeno ulinyamaza. Palikuwa na pumzi moja ndefu, karibu kabisa na sikio lake.

"Ba... ba... bado mmoja," ikasema sauti.

Bwana Kanuni alikuwa amekwisha kushika kipanya. Kwenye skrini palitokea maandishi marefu kama mkeka. Mama Kidoti, aliyezoea kusoma kila kitu, aliyasoma: *Unataka sauti hii ifutwe kabisa?* Na kando ya swali, mahali ambapo Wingu huandika jina la msemaji, halikuwepo jina la marehemu. Lilikuwepo la Bwana Kanuni.

"Bosi, soma kwanza," alimnong'oneza. "Tafadhali, soma."

"Hunifundishi kazi!"

Akabonyeza Nakubali.

Ikasikika tuu, tuu, tuu, ile sauti ya simu iliyokatwa. Harufu ikatoka kama mtu aliyefungua mlango. Bwana Kanuni aligeuka, uso umejaa ushindi, akaanza kutoa amri. Midomo ilikwenda, kidole kilinyooka. Kikatoka kimya. Alikamata koo lake kwa mikono miwili, na wakati huohuo, kutoka kwenye hedifoni iliyokuwa mezani, sauti yake mwenyewe ikauliza kwa mbali, ya kutetemeka:

"Halo? Kuna mtu?"

Chiriku alikwenda nyumbani kwa yule mama mzazi akasimama mlangoni siku tatu. Ya tatu sauti ilimrudia, na neno la kwanza lilikuwa nisamehe. Mpaka leo anaongea kama mtu anayenunua maneno. Bwana Kanuni aliondolewa kazini. Hospitali zote zinasema koo lake ni zima.

Mama Kidoti hakufukuzwa, maana wa kumfukuza hakuwepo. Anamwimbia Kidoti kila jioni, na mtoto hugeuka akiitwa. Asubuhi anarudi chumba cha nyuma, anavaa hedifoni, na katika kila simu anamkuta bosi wake wa zamani: uzi mwembamba, wa kijivu. *Halo? Kuna mtu? Nisaidieni, halo?*

Neno la kumfungua analijua. Ni maneno manne tu. Kila siku humsikiliza mpaka mwisho, bila haraka, huku akikumbuka dakika kumi na moja. Kisha huinama kwenye maikrofoni, kwa ile sauti yake ya upole.

"Tafadhali subiri," humwambia. "Usikate simu."

Na Wingu, ambalo siku hizi halikosei msemaji hata mmoja, huyaandika maneno hayo chini ya uzi wa kahawia.