Simu Mbili za Babu Thadeus

Kila alipotoka shuleni, Zita alivua sare, akamwamkia babu yake, kisha akamshika mkono wakaenda pamoja kumlisha ng'ombe. Babu Thadeus alikuwa haoni, huu mwaka wa tatu. Fimbo yake ilimwonyesha mifereji na mawe yote ya kihamba chao, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yao huko Uru, lakini haikumwonyesha nguzo zinazoegemezwa kwenye migomba iliyobeba mikungu. Nguzo hizo husimama mshazari, fimbo inapita chini yake, uso unagongwa juu.

"Nikifika bandani peke yangu hata mara moja tu," Babu alizoea kusema, "nitajiona mtu tena."

Maneno hayo yalimchoma Zita. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika klabu ya kompyuta Mwalimu Gladys alikuwa amewafundisha jambo la ajabu. Nyoosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha jingine. Kidole kitaruka huku na huku, lakini ukuta wa mbali utasogea kidogo tu. Basi Zita akafunga simu mbili kuukuu kwenye ubao wa kuvaa kifuani, zipige picha kwa pamoja. Programu aliyoiandika ilichukua kipande kidogo cha picha ya kushoto na kukitafuta katika picha ya kulia. Kikionekana kimeruka sana, basi kitu kiko karibu, na simu inalia.

Shida ilikuwa muda. Kila kipande kiliundwa na nukta ndogo za rangi sitini na nne, na programu ilizilinganisha zote na kujumlisha tofauti za rangi zake kabla ya kujaribu mahali pengine. Jibu lilikuja baada ya sekunde kumi. Mpaka hapo Babu angekuwa ameshagongwa.

Zita akatafuta njia ya mkato. Akaiamuru programu ilinganishe nukta nane za juu tu, nyingine iziache. Lo, simu ikawa inajibu papo hapo! Aliona mwenyewe kwamba mara nyingine inakosea. Lakini Babu alipomuuliza, "Umeipima vizuri, mjukuu wangu?" alijibu, "Ndiyo, Babu. Iko tayari."

Jumamosi asubuhi Babu akavaa ubao wake, akakataa kushikwa mkono. Simu ikalia, akakwepa nguzo ya kwanza. Ikalia tena, akakwepa ya pili. Kwa furaha akaongeza mwendo, na mbele ya nguzo ya tatu simu ikanyamaza. Aliigonga kwa paji la uso, akaanguka.

Zita alimfunga kidonda.

"Usilie," Babu akasema. "Nimekwenda mbio kama kijana. Kosa ni langu."

Afadhali angemchapa. Alasiri Zita akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la isale, akapiga magoti na kumwekea Babu mikononi. Babu akalipapasa. Uchagani nani asiyelijua jani hilo? Huletwa na mkosaji, na anayeletewa hakatai kusamehe.

"Nani ameniletea isale?"

"Ni mimi, Babu. Nilijua simu inakosea. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka ufike."

Babu akamvuta kifuani. "Nimekusamehe. Kidonda kitapona. Haya, kaa hapa tuchambue kahawa."

Vidole vya Babu vilizungusha punje moja moja. Vikigusa tundu la mdudu tu, punje ikatupwa.

"Mbona hiyo hukuimaliza, Babu?"

"Nimeshakuta tundu, niendelee kuipapasa ya nini? Nzuri ndiyo naizungusha mpaka mwisho."

Zita akabaki na punje mkononi. Programu yake ilikuwa ikijumlisha mpaka nukta ya mwisho hata pale tofauti zilipokuwa zimeshazidi zile za kipande kilichofanana zaidi mpaka hapo. Kipande cha namna hiyo kimeshashindwa, kihesabiwe ya nini?

Jumatatu Mwalimu Gladys alimsaidia kuliandika sharti hilo. Vipande vingi vikawa vinaachwa mapema, na kile kilichofanana kikakaguliwa nukta zote sitini na nne. Jibu likaja baada ya sekunde mbili. Wakaipima programu wiki nzima, na kila kosa Zita alimweleza Babu.

"Nenda taratibu," alimwambia Jumamosi iliyofuata. "Kila hatua, isubiri simu kidogo. Haijawa ya papo hapo."

Babu akaenda hatua kwa hatua, akakwepa nguzo moja baada ya nyingine, mpaka ng'ombe akamlamba mkono. Machozi yakamtiririka. Zita naye hakujizuia.

"Mjukuu wangu," Babu akasema, akimshika bega, "kuacha kukagua kilichokwisha kushindwa ni akili. Kuacha kukagua, kisha ukaniambia umekagua, huo ni uongo. Na wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naujua urefu wake, maana niliimaliza kwa paji la uso."