Uzi Mweupe wa Ndizi

Hapa Kasongo, mtu akitaka ujumbe wake ufike kama ulivyotoka mdomoni, anamtuma Zuberi. Zuberi ni mimi. Kila asubuhi kabla ya shule, bibi yangu hunituma dukani: chumvi, sabuni na salamu. Chumvi hufika, sabuni hufika, na salamu hufika zimenenepa.

Ndiyo maana Madame Rosine, mwalimu wetu wa biolojia, alipofundisha habari za seli, nilijiona humo ndani.

"Katika kila seli yenu, na ya ndizi pia, kuna asidi nukleiki," alisema. "ADN, ambayo kwa Kiingereza ni DNA, inakaa kwenye kiini, inatunza maagizo yote ya mwili. Haitoki. ARN, yaani RNA, inanakili agizo moja, inalipeleka nje ya kiini, na huko protini inatengenezwa kwa kulifuata."

"Basi ADN ni bibi," nikasema, "na ARN ni mimi ninayetumwa."

Darasa likacheka, na Madame naye.

"Haya, Bwana ARN. Kesho wewe na Mado mtatutolea ADN ya ndizi tuione kwa macho, kama uzi mweupe. Mkifaulu, mmoja wenu atapanda pikipiki nami twende kuionyesha mjini Kabambare, siku ya maonyesho ya shule zote. Lete ndizi mbivu, chumvi na sabuni. Mado hayupo leo, anamwuguza mdogo wake. Mwambie amwombe mjomba wake alkoli ya kusafishia vidonda."

Mjomba wake Mado ni Pierre, muuguzi wa kituo cha afya. Jioni nikamkuta Mado hapo mlangoni pa kituo, amembeba mdogo wake mgongoni.

"Kesho tunatoa ADN," nikamwambia.

"Mimi nilete nini?"

Nikafikiri. Bibi ana marashi ya Ijumaa, na nani asiyejua kwamba marashi yana alkoli? Nikileta vyote peke yangu, kiti cha pikipiki ni changu.

"Wewe njoo na mikono tu," nikasema. "Vyote iko kwangu."

Kesho yake nikaponda ndizi mbele ya darasa, nikatia maji, chumvi na sabuni, nikachuja kwa kitambaa. Kisha nikamimina marashi kwenye glasi kwa madaha. Darasa zima likanukia kama msikiti saa ya swala. Mafuta yakaelea juu, yakatulia hapo. Uzi, hakuna.

"Hii si ADN," akasema Ismaël kutoka nyuma. "Hii ni bibi arusi."

Watu wakacheka mpaka madawati yakalia. Madame akainusa glasi.

"Zuberi, marashi haya ya kuswalia ni mafuta matupu. Hayatiwi alkoli, ndiyo maana bibi yako anayapenda. Alkoli iko wapi?"

Nikaangalia glasi. Glasi haikunisaidia.

"Mado alisahau, Madame."

Mado akageuka kunitazama. Macho yakamjaa machozi.

Madame akamtuma Ismaël kituo cha afya. Akarudi na muuguzi Pierre mwenyewe, chupa mkononi. Alisema naye hajawahi kuiona ADN kwa macho yake. Tukachuja ndizi nyingine. Mado akamimina alkoli polepole, ikiteleza ubavuni mwa glasi. Nyuzi nyeupe zikaanza kupanda, laini, zenye utelezi kama wa bamia. Mado akazizungusha kwenye kijiti, zikashikana. Hakuna aliyecheka sasa.

"Hizo ni nyingi mno zilizoshikana," akasema Madame. "Uzi mmoja peke yake jicho haliuoni. Na maagizo ya mgomba mzima yamo humo."

Kisha akamgeukia Mado, sauti ya upole lakini nzito.

"Umeona, binti yangu? ARN ikifika na ujumbe pungufu, seli haina wa kumwuliza. Itatengeneza protini mbovu, na mwili ndio utakaoumia. Mtu naye ni hivyo hivyo. Neno ulilokabidhiwa ni amana. Ukilipunguza, anaumia mwenzako. Kwa hiyo Kabambare nitakwenda na Zuberi."

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzee wa baraza.

Pierre alikuwa anafunga chupa yake. "Madame, somo ni zuri," akasema. "Ila umelipeleka kwa jirani. Mwenyewe huyu hapa." Akanitazama. "Jana nilikuwa nyuma ya pazia nachoma mutoto sindano. Nikamusikia: 'Wewe njoo na mikono tu, vyote iko kwangu.' Alkoli hakuitaja."



Madame akamwomba Mado radhi mbele yetu sote, akampa glasi aishike.

"Wa kwenda Kabambare ni wewe, Mado. Zuberi, simama. Mpe ujumbe niliokutuma jana, kama ulivyotoka kwangu."

Nikasimama. Nikausema, neno kwa neno, alkoli ikiwemo.

Mado akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ujumbe umefika," akasema.