Jiwe Hai

Jioni ile nilitoka dukani na chokaa na bomba la sindano. Si za ugonjwa. Za kuulia magugu.

Nieleze kwanza, msije mkaniona nimechanganyikiwa. Binti yangu ni nesi wa zamu ya jioni. Aliona mwanawe anachoka kushinda na kizee kama mimi, akamnunulia tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na jiwe. Jiwe lenyewe lina matundu kama sifongo, na wauzaji wanaliita jiwe hai. Nilipolisikia hilo nilicheka. Miaka sitini na minane niko hapa duniani, sijawahi kuona jiwe maiti.

Mjukuu wangu tulimpa jina la utani Kasuku, maana alianza kusema kabla hajatembea, na tangu hapo hakupumzika. Ana miaka sita na mapengo mawili ya mbele, na kila “sh” kwake ilikuwa “s”.

Mwezi wa pili jiwe likaota gugu. Kitu cha kahawia, laini, kirefu kama kidole gumba, kichwani nyuzinyuzi zinapepea, na katikati ya nyuzi hizo mdomo. Samaki mmoja alilipitia karibu, akarudi amebabuka ubavuni. Mimi sijui kubembeleza. Nilichukua kisu cha jikoni, nikalikwangua.

Wiki mbili baadaye yalikuwa ishirini na mawili.

Ndipo nikaenda dukani kwa yule muuza samaki. Duka jembamba, matangi pande zote, pampu zinanguruma kama watu wanaokoroma.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Magugu yako yamejaa kwenye tangi letu.”

“Hizo ni anemoni, bibi, wanyama wa baharini. Ulizikata?”

“Nilikwangua moja.”

Akashika kichwa. “Bibi! Hazikatwi hizo. Kila kipande kinachoanguka kinaota. Wewe umepanda shamba.”

“Ungemwambia hayo binti yangu siku ile, badala ya kumwambia eti samaki wanapenda muziki.”

Akacheka kidogo, akanipa maelekezo. Nizime pampu. Nikoroge chokaa iwe kama uji mwepesi, niivute kwenye sindano, nilijaze gugu mdomoni taratibu. Nisiliguse kwanza, kwa sababu likishtuka linajivuta tunduni na halitoki.

“Hayo magugu au wezi?” nikamwuliza.

Safari hii hakucheka. Alinifungia chokaa na sindano kwenye karatasi, halafu akainama juu ya meza.

“Bibi… lile jiwe halijafanya kitu kingine?”

“Kama nini?”

“Basi tu.”

Nikaondoka. Mtu akikwambia “basi tu” ujue lipo jambo, lakini giza lilikuwa linaingia na nilimwacha Kasuku kwa jirani.

Nyumbani, binti yangu alikwishatoka kwenda kazini. Nilivaa miwani, nikazima pampu. Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini, sindano hainitishi. Nilidunga la kwanza. Lilijikunja, likatoa ute mweupe, likanyauka. La pili. La tatu. Kasuku alisimama juu ya kigoda akihesabu kwa sauti, na kila likinyauka anasema, “Pole.”

Ishirini na moja yakaisha.

Likabaki la mwisho. Lilikuwa ndani ya tundu kubwa katikati ya jiwe, lile lile nililolikwangua, kovu la kisu bado linaonekana ubavuni. Kila nikisogeza sindano, linajivuta. Nikitoa mkono, linachungulia.

“Bibi,” Kasuku akaninong’oneza, “hilo linasikia.”

“Lisikie tu. Nenda kaoge.”

Alikwenda. Nilizima taa ya buluu ya tangi, nikadhani labda gizani litatoka. Nikaligeuzia mgongo, nikaanza kukunja nguo kitandani. Pampu imezimwa. Nyumba kimya. Harufu ya chumvi na chokaa imenijaa puani.

“Sikamoo, bibi.”

“Marahaba,” nikaitika huku nakunja. “Umeshaoga upesi hivyo? Shingo umesugua?”

Nikakunja nguo nyingine.

Kisha mlango wa bafu ukafunguka. Kasuku akatoka mbio, povu la sabuni mpaka masikioni.

“Bibi, unaongea na nani?”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema.

Asubuhi hakuniamkia. Nikadhani amenuna. Nilimwambia mtoto asiyesalimia wakubwa wake hapewi chai. Akafungua mdomo. Niliuona ulimi ukicheza, niliiona midomo ikiunda neno zima vizuri kabisa. Sauti haikutoka. Hata hewa.

Nikamwekea chai.

Mimi na mama yake tulimpeleka kwa daktari. Daktari akammulika kooni. “Koo safi kabisa,” akasema. Labda ni mshtuko. Labda ni ukaidi. Nilimwambia ukaidi naujua, ndio urithi wa ukoo wetu, na huu sio.

Binti yangu alilia siku tatu. Sikumwambia nilichokisikia. Ningesemaje? Kwamba nimeitikia salamu ya gugu? Ningepelekwa mimi kwa daktari.

Lakini kila jioni, mama mtu akishatoka, taa ya tangi ikizimwa… lilianza.

“Bibi, nina njaa.”

“Bibi, nisimulie.”

“Bibi, mbona huniangalii?”

Sauti ya Kasuku. Ile ile, ya mapengo. Na Kasuku mwenyewe amekaa kitandani, macho kwenye jiwe, midomo inakwenda sambamba na maneno. Kama mtu anayeimbiwa wimbo wake.

Niliiacha taa ikiwaka jioni nzima. Ikaungua.

Siku ya tisa niliwasha tochi kulitazama lile gugu. Lilikuwa kama kisahani. Nyuzi zake zilikuwa zimegeuka zote upande wangu. Samaki hawakuwemo.

Nikarudi kwa muuza samaki. Safari hii sikungoja aniamkie.

“Jiwe lako linasema.”

Alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini polepole.

“Lilikuamkia?”

“Ndiyo.”

“Bibi… uliitikia?”

“Mtoto ananiamkia nisiitikie? Nilidhani ni wa kwangu!”

Akafuta uso kwa kiganja. “Sasa ni wa kwako kweli.”

“Nieleze kwa Kiswahili, sina muda.”

“Anayekwambia shikamoo anaomba umpokee, bibi. Ukisema marahaba umempokea. Umemwambia awe mtoto wa nyumba.” Akasukuma ndoo kando kwa mguu. “Na nyumba ilikuwa na mtoto mmoja.”

Nikamwuliza amelitoa wapi jiwe lile. Akasema alirudishiwa na mteja mmoja, mwanamume mwenye mke na binti. Yule bwana hakueleza sababu. Aliandika kwenye karatasi tu, “Lichukue,” kwa sababu hakuwa na sauti; wanasema lilibisha hodi kwa sauti yake, na mkewe akalikaribisha.

“Na wewe ukatuuzia.”

“Nililianika juani wiki nzima. Nilidhani limekufa.”

“Limekufa! Si wewe uliyetuuzia kwa jina la hai?”

Nilimsema mpaka wateja wakatoka, na sijutii neno hata moja. Nilipochoka ndipo aliponong’ona. Lichemshwe. Lichemshwe mpaka maji yakauke, na kilichochukuliwa kitarudi.

“Nani amekwambia?”

“Nasikia tu.”

“Unasikia kwa nani?”

Akaangalia kando. “Chemshia nje, bibi. Mvuke wa mawe yale ni sumu, jifunge pua. Na litaomba. Litaomba sana. Usifunue sufuria. Usiitikie kitu.”

Mimi nisiitikie! Tangu nimezaliwa hakuna aliyenisemesha nikanyamaza.

Nilisubiri binti yangu aende kazini. Jua lilikuwa linazama. Niliwasha jiko la mkaa uani, nikabandika maji kwenye sufuria kubwa niliyokuwa nachemshia nguo. Kasuku nilimkalisha kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, mbali, upande upepo unakotoka.

Nilivaa glavu za kufulia, nikalitoa jiwe. Lilikuwa zito kuliko siku tulipolileta. Na lilikuwa na joto. Joto la mtoto aliyetoka usingizini.

Nikalitumbukiza. Nikafunika. Nikajifunga kitambaa puani.

Dakika chache hakuna kitu. Mkaa unalia tu.

“Sikamoo, bibi.”

Nikauma ulimi.

“Sikamoo, bibi. Sikamoo.”

Sauti ilitoka kwenye sufuria, imezibwa, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Niligeuka. Kasuku kwenye ngazi, midomo inakwenda. Sikamoo. Sikamoo.

“Bibi, maji yanapata moto.”

Harufu ikaanza. Chumvi kwanza. Halafu kama nywele zinaungua. Macho yakanitoka machozi, na naapa ulikuwa mvuke.

“Bibi, ni mimi. Ni Kasuku wako. Umenisahau?”

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Si kuogopa jini wala mchawi, hao wana siku zao. Niliogopa hesabu yangu. Kama sauti ya mtoto imo humu ndani, mimi nachemsha nini? Namwokoa au namwua? Yule muuza samaki alisema kilichochukuliwa kitarudi, lakini yule ni mtu wa “nasikia”. Amewahi kuona? Yule bwana wa karatasi, alichemsha au hakuchemsha?

Mfuniko ukaanza kucheza.

“Bibi, naungua!”

Kasuku alikuwa amesimama. Jasho linamtiririka mpaka kwenye gauni. Alininyooshea mikono miwili, kama anavyofanya akitaka kubebwa, na mdomo wake ulikuwa wazi, wazi kabisa, mpaka niliona mwisho wa koo. Sauti inatoka kwenye sufuria. Mdomo uko kwenye ngazi.

“Bibi! Funua! Bibi, naungua!”

Mkono wangu ulikwenda kwenye mfuniko. Siongopi. Ulikwenda wenyewe.

Nikaukandamiza.

Nilikunja kanga mara nne, nikaweka viganja vyote viwili juu ya mfuniko, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Kilichokuwa chini kilikuwa kinasukuma. Nguvu ya mtoto wa miaka sita. Ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwamba hazikuwa nguvu za shetani. Zilikuwa nguvu ndogo.

Kilipiga kelele. Kelele moja, ndefu. Nilisikia ladha ya damu mdomoni.

Sikuitika.

Kelele ikawa nyembamba… nyembamba… ikawa kama ya birika.

Halafu kimya.

Niliendelea kuegemea mpaka maji yakakauka na jiwe likapasuka ndani, tak, kama yai. Giza lilikuwa limeshaingia. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge kupita kanga na glavu.

“Bibi.”

Niliruka. Sauti ilitoka nyuma yangu. Kwenye ngazi.

Mimi si mtu wa kukumbatia watu, lakini nilikwenda kwa magoti, nikamshika mashavu. “Sema tena,” nikamwambia. “Sema chochote, mwanangu. Tukana ukitaka.”

Kasuku alinitazama. Hakulia. Alisogeza mdomo mpaka sikioni kwangu, pumzi yake ya moto, akaninong’oneza.

“Nilikuita, bibi. Mbona hukufunua?”

Binti yangu aliporudi alimkuta mwanawe anaongea kama cherehani. Alicheka na kulia pamoja, akamrusha juu, akamwuliza mia, akajibiwa mia. Mimi nilipomweleza yaliyotokea, akanipima joto. Akasema mvuke ule unaleta mawenge, amesoma, watu wengine wamelazwa. Mtoto alipata mshtuko na mshtuko umepita. Akanifunga viganja bandeji, akanikataza kugusa tena mawe ya watu. Nilimwachia. Ana cheti, mimi nina darasa la saba.

Tangi tulilitupa. Nilipita dukani kwa muuza samaki nikamtukane vizuri, nikakuta kumefungwa.

Kasuku anaongea na mama yake, anaongea na jirani, shuleni mwalimu analalamika. Na mimi pia anaongea, mbele ya watu. Tukibaki wawili ananyamaza. Ananitazama tu, kama mtu anayengoja jibu.

Na mimi jibu sina. Nimelitafuta.

Jana jioni nilikuwa jikoni, nimeinama juu ya jiko, maji ya chai yanachemka. Sikumsikia akiingia. Nilihisi tu kiganja kidogo kikitua mgongoni kwangu, katikati ya mabega, kikakaa hapo. Mvuke ulikuwa unanipiga usoni.

Hakusukuma.

“Bibi,” akasema taratibu, “moto wa leo ni kama wa siku ile?”