Sauti Kwenye Chapa ya Kwanza

Alhamisi, saa 9:15 alasiri

Maxine Tordoff alisukuma pembeni ndoo ya viazi vilivyomenywa, akatandaza mchoro wa nyumba mezani. Upande wa mbele wa duka lake, mafuta ya kukaangia samaki na chipsi yalikuwa yanaunguruma, yakimeza kila neno. Ndiyo maana alikichagua chumba hiki cha nyuma. Halifax ni mji wa watu wenye masikio marefu.

"Jumamosi mzee Pargeter yuko ukumbi wa manispaa, kwenye gulio la santuri," alisema. "Anapanga meza saa nne. Harudi kabla ya saa saba. Tunaingia, tunabadilisha santuri moja kwa nyingine ya bei rahisi, tunatoka. Akija kugundua, mwaka umekwisha."

"Moja tu?" Lloyd Birtwistle aliuliza. Lloyd ndiye dereva. Shingo nene, subira hana. "Yule mzee ana santuri elfu nne, bosi. Tubebe zote."

"Wewe beba mdomo wako. Tunachukua moja."

Hapo ndipo Desmond Ackroyd alipohitajika. Miaka sitini na mbili, koti la mvua, miwani iliyoungwa kwa gundi. Hakuwahi kuiba hata peremende. Lakini Pargeter alikuwa na nakala ishirini na sita za albamu ileile, ya bendi ya roki iliyoitwa Cold Mangle, ya mwaka 1970, na alizichanganya majalada makusudi ili mwizi achanganyikiwe. Kati ya hizo, chapa ya kwanza ilikuwa moja. Desmond aliweza kuitambua kwa macho.

"Unaitambuaje?" Lloyd aliuliza.

"Upande wa pili, wimbo wa mwisho. Kwenye chapa ya kwanza kuna sauti ya mwanamke mwishoni. Kampuni ikaifuta, ikachapa upya, wimbo ukawa mfupi. Kwa hiyo ile sehemu laini inayozunguka kibandiko cha katikati, kwenye chapa za baadaye ina upana wa vidole viwili. Kwenye ya kwanza ni kidole kimoja. Na namba iliyokwaruzwa hapo inaishia na moja."

"Mwanamke gani?"

"Dada yangu. Glenys."

Glenys alifariki mwaka 1973, na hakuacha sauti yake mahali pengine popote. Desmond hakutaka mgawo. Alitaka kuusikiliza wimbo ule mara moja kabla santuri haijauzwa, basi. Alishakwenda kumwomba Pargeter mara tatu, na mara tatu alifungiwa mlango usoni.

"Utamsikia, Des wangu," Maxine alisema. "Neno langu hilo."

Jumamosi, saa 4:22 asubuhi

Nyumba ya Pargeter ilikuwa imebanana na za majirani, ukuta kwa ukuta. Lloyd alibaki kwenye gari, uchochoro wa nyuma. Maxine aliimaliza kufuli ya jikoni kabla Desmond hajavaa glavu zake vizuri.

Santuri zilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Chumba kilikuwa na mlango mzito na komeo la chuma kwa ndani, maana Pargeter hakupenda kusumbuliwa akisikiliza muziki wake. Desmond alipiga magoti. Akachomoa ya kwanza, akaiinamisha dirishani. Vidole viwili. Akaitupa kwenye zulia; wangezipanga upya mwishoni.

Saa 4:31

Nakala ya kumi na moja. Vidole viwili.

"Harakisha," Maxine alisema. "Halafu, Des. Mnunuzi hataki iguswe na sindano. Kasema ikichezwa tu, haichukui."

Desmond aligeuka. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi Alhamisi. Leo Jumamosi."

Mwanamke huyu alikuwa amemchezea kama mtoto wa shule. Desmond alichomoa nakala nyingine, akatupa. Nyingine, akatupa.

Saa 4:38

Nakala ya kumi na tisa ilikuwa imefichwa kwenye jalada la kwaya ya Krismasi. Aliiinamisha kwenye mwanga. Kidole kimoja. Akaisoma namba mara mbili. Iliishia na moja.

"Chapa ya pili hii," alisema.

Aliishika ukingoni kwa viganja viwili, asiguse mistari. Akaipuliza vumbi. Akairudisha ndani ya karatasi yake laini, akazungusha mdomo wa karatasi ukae juu ili santuri isiteleze, ndipo akaitia jaladani.

Maxine alicheka kidogo.

"Kumi na nane umezitupa kwenye zulia," alisema. "Hii unaivalisha nguo. Nipe."

Desmond aliikumbatia. "Ngoja niangalie mikwaruzo. Mnunuzi wako atauliza."

"Dakika moja."

Redio ya mkononi ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Lloyd. "Bosi, kuna mama hapa nyumba ya pili, anatoa takataka. Kanikodolea macho."

Maxine alitoka hadi dirisha la ngazi kuchungulia. Hatua nne tu. Desmond aliusukuma mlango, akatia komeo.

Saa 4:41

"Des," Maxine alisema nje. "Usinifanyie upuuzi."

Desmond aliivua santuri, akaiweka kwenye mashine ya Pargeter. Akashusha sindano mwanzo wa wimbo wa mwisho. Gitaa likaanza chini chini. Alikuwa amesubiri miaka ishirini na sita tangu Glenys afariki, na hakukusudia kumsikia Glenys kwa mnong'ono. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Vioo vya dirisha vilitetemeka. Maxine alipiga teke mlango.

"Zima hicho kitu. Jirani anajua Pargeter hayupo. Des, mzee wangu, fungua tuongee. Nitakuachia uisikilize wiki nzima."

"Hiyo ni ahadi ya Jumamosi. Jumatatu utasema leo Jumatatu," Desmond alisema, lakini kwa kelele zile hakuna aliyemsikia.

Kule chini, yule mama aliacha pipa la takataka wazi, akaingia ndani kupiga simu. Lloyd alimwona. Hakumsubiri mtu. Maxine alisikia gari likitoka nduki uchochoroni, akatukana matusi ambayo hata muuza samaki wake hakuyajua, kisha miguu yake ikateremka ngazi mbili mbili.

Saa 4:49

Gitaa lilikuwa refu, kama bendi zote za enzi zile. Desmond alikaa sakafuni katikati ya santuri alizozitupa. Buti zilipanda ngazi.

"Polisi. Fungua mlango."

"Dakika moja, afande."

Ndipo Glenys akaingia. Alichelewa pigo moja. Sauti yake ilikuwa chini ya noti, ikajikongoja kuitafuta, isiifikie, kama alivyoimba jikoni wakiosha vyombo. Miaka yote Desmond alimwambia kila mtu kwamba kampuni ilimdhulumu dada yake. Kumbe walikuwa na haki. Hakuwa anajua kuimba, masikini.

Desmond alicheka mpaka machozi yakamtoka, na akaacha yatoke. Mlango ulipigwa bega la kwanza, komeo likalegea. Aliinua sindano, akairudisha nyuma kidogo.

Glenys akakosea tena palepale.