Nyumba Isiyoombewa Moto

Mtu akitafuta nyumba ya kupanga hutazama paa, hutikisa mlango, hugonga ukuta kwa kidole, akaona amemaliza. Haya. Sabiti naye alifanya hivyohivyo, na mpaka leo akisikia ufagio magharibi hunyamaza katikati ya neno.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na tatu, dhahabu imewavuta watu Segese kama sisimizi kwenye sukari. Sabiti, fundi cherehani wa Tabora, mchana alishona kaptula za wachimbaji kwenye baraza la duka, na usiku alilala palepale, kichwa juu ya vitambaa. Miezi minane! Mkewe Mwasiti alikuwa kwa kaka zake Tabora na mtoto wao Chausiku. Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi. "Alhamisi ijayo nakuja. Nikikuta nyumba, nitakaa. Nikikuta baraza, narudi kwa kaka zangu na hutaniona tena."

Na vyumba Segese, mwezi ule, havikupatikana hata vya kunusa.

Ijumaa jioni Sabiti akafunga cherehani, akashika njia ya mwisho wa mji kujaribu bahati. Jua lilikuwa linazama. Akasikia...

Chwa... chwa... chwa...

Mtu anafagia. Magharibi! Nani aliyefunzwa na mama yake hufagia jua likizama? Alikuwa bibi kizee, ameinama katika ua mtupu, kaniki imemganda mabegani kwa kulowa. Tangu mwezi ule uandame haikunyesha hata tone.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ndogo, ya mtu aliyepigwa na baridi.

"Natafuta nyumba ya kupanga."

"Nyumba ipo. Mtu ndiye hayupo."

Sabiti akatazama. Nyasi za paa nzima, mlango wa mninga, ukuta mgumu. Ndani mafiga matatu, na jivu lisilo na joto. Moyo ukamruka kwa furaha, masikini.

"Kodi yake je, bibi?"

"Washa moto kila jioni. Basi." Kisha akamsogelea. "Moto utautoa wapi?"

Sabiti akatikisa kibiriti mfukoni. "Ninacho changu. Sina haja ya kumsumbua jirani."

Bibi akacheka kidogo.

Loo, Sabiti! Akapiga njiti, kuni zikashika mara moja. Alipogeuka kutoa shukrani, uani hapakuwa na mtu. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta, unadondosha maji.

Akajisemea ni uzee, wazee wana mambo yao. Mwenye shida hujifunga macho mwenyewe. Lakini moto ule ulikula kijiti kimoja mpaka alfajiri, na jirani wa ng'ambo ya njia, mzee Makoye, kila alipoona moshi aliwaingiza watoto ndani. Hakuna aliyemwamkia Sabiti wala kumuuliza amelalaje. Akadhani ni ugeni tu.

Kila magharibi ufagio ulianza. Akichungulia, hapana mtu. Akikaa, chwa... chwa... Kufikia Jumatatu aliacha kuchungulia, akaanza kuuzungumzisha. Akausimulia habari za Mwasiti, na jinsi Chausiku alivyoota meno ya juu kabla ya ya chini. Mtu aliyekaa miezi minane bila wa kumuuliza umeshindaje hachagui wa kuongea naye. Ilimfariji, kusema kweli.

Na nje ya mlango kitu kikaitikia.

"Mm..."

Harufu ya udongo uliolowa ikajaa nyumbani.

Jumatano alichelewa barazani akimalizia suruali ya mtu. Jua lilipogusa vichaka, vidole vikafa ganzi, sindano ikamponyoka. Meno yakagongana. Watu pembeni yake wanajipepea kwa joto, yeye anatetemeka! Akakimbia nyumbani, akapiga njiti. Moto ulipowaka tu, baridi ikamtoka.

Hapo akaelewa kuwa amefungwa. Na kesho yake ni Alhamisi.

Alhamisi aliacha kazi mapema, lakini lori la Tabora lilikuwa limemtangulia. Alimkuta Mwasiti amesimama mlangoni kwa Makoye, sanduku chini, mtoto mgongoni, kigae mkononi. Alikuwa ameonyeshwa nyumba ya mumewe, na kama mwanamke aliyelelewa, kabla ya kuingia alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto.

"Mkeo ana akili kukushinda," Makoye akasema. "Mgeni huanza kwa jirani. Tukimpa moto ndipo tunamwambia kisima kile, mbwa mkali yule, nyumba ile usikae. Wewe kwa nini hukuja?"

Sabiti akatoa kibiriti mfukoni.

"Nyumba ya nani?" akanong'ona.

"Ya Generoza, mjane wa Ushirombo. Macho yake yalikuwa mekundu, watu wakasema mchawi. Masika ya mwaka juzi moto wake ulizimika. Akaja hapa na mvua ile, na kigae chake..." Mzee akaonyesha kizingiti. "Alisimama hapohapo aliposimama mkeo. Nikafunga mlango. Wote tulifunga. Siku tatu hatukuona moshi. Tulipofungua, alikuwa amekufa kwa baridi."

"Na mume wangu?" Mwasiti akauliza.

"Atakayewasha pale hatoki mpaka jirani aende kumwomba Generoza moto, kama watu wanavyoombana. Nani wa kwenda?"

"Si wewe, jirani yake!" Mwasiti akasema.

Makoye akatazama miguu yake.

Jua lilikuwa limebaki ukucha. Sabiti akaanza kutetemeka. "Mama Chausiku, rudini Tabora," akasema, na machozi yakamtoka. "Nyumba nilipata, lakini hii siyo ya kukaa ninyi. Nendeni."

Mwasiti akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake, akavuka njia na kigae chake.

Chwa... chwa...

"Hodi, mama."

Ufagio ukanyamaza.

"Hodi. Jirani yako mimi. Moto wangu umezimika. Naomba kaa moja."

Chausiku akaficha uso kifuani mwa baba yake.

Kisha sauti kutoka ndani, inayovunjika kwa kilio:

"Karibu, mwanangu... karibu. Mbona mmechelewa?"

Mwasiti akaingia. Alipotoka alikuwa amekumbatia kigae chenye kaa jekundu, na nguo yake imelowa mabegani. Baridi ikamwachia Sabiti papo hapo. Nyuma yao, mlango wa mninga ukajifunga polepole.

Usiku ule walilala kwenye ghala la Makoye, na mzee alikesha analia kama mtoto. Kesho yake wakaenda Tinde. Safari hii Sabiti aliuliza majirani watatu kabla ya kupanga vyumba viwili, na kibiriti akakitupa. Kaa la Generoza walikwenda nalo, maana Mwasiti alikataa katakata kulizima.

Waliishi vizuri. Wali wa Ijumaa, kelele za mtoto, mke wa kumuuliza umeshindaje. Lakini magharibi, uani Tinde, ufagio ulianza.

Sabiti alivumilia miaka miwili. Jioni moja akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulipoingia mle ndani, uliona nini?"

Mwasiti alipuliza moto kwanza, mpaka ukawaka.

"Nilimwona bibi anaota moto."

"Basi?"

"Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, Baba Chausiku. Umelowa chapachapa."

"Mimi? Si nilikuwa nje na mtoto!"

"Nje ulikuwepo," Mwasiti akasema, akaongeza ukuni mwingine. "Yule wa ndani hakutoka, na joto lake ni hili kaa. Ndiyo maana huu moto siuzimi."